Usivunje Kitasa kwa Kosa la Ufunguo

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Nilikuwa nimeufundisha usemi huo kwa miaka mingi bila ya kuutii, hadi mwezi wa Desemba 2023, nilipokaa siku tatu katika kiti cha dereva cha gari la marehemu baba yangu nikijaribu kuzungusha ufunguo uliokataa katakata kuzunguka. Betri ilikuwa mpya. Matairi yalikuwa mapya. Breki zilikuwa zimetengenezwa, kabureta imesafishwa na tangi limetiwa petroli safi. Kazi yote ya miezi minne, pamoja na fedha nilizozichanga kutokana na mshahara wa mwalimu, ilikuwa imezuiliwa mlangoni na kipande cha chuma kisichofikia urefu wa kidole. Nayasimulia haya kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi kwa sababu nilichofundishwa na kitasa kile hakikuishia garini.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 la mwaka 1979. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa hilo ni gari gani. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likateuliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Katika mashindano yetu ya Safari Rally lilishinda mwaka 1975 likiwa mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 aina yake ya milango miwili ikashinda ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Liliunganishwa pia humu nchini, na kwa miaka mingi ndilo lililowabeba abiria wa safari za mbali, wamebanana nyuma ya dereva, kabla ya zama za magari madogo ya Kijapani. Wananchi waliliita Pijo, nalo likaitika.

Baba, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika nchi ya Wataita, alilinunua mwaka 1988 likiwa limekwisha kutumika. Alilipeleka kila mahali hadi mwaka 2011, macho yake yalipodhoofika. Akaliegesha chini ya mwembe, na hapo lilibaki hata baada ya yeye kutuacha. Nilipoanza kulifufua mwezi wa Agosti, mama yangu hakuniuliza bei ya matairi wala ya rangi. Aliomba jambo moja tu, kwamba siku ya Krismasi apelekwe kanisani kwa gari lile, akae kiti kile alichokuwa akikaa. Kwa hiyo nilikuwa na tarehe ya mwisho ambayo haikuweza kusogezwa mbele na kikao chochote cha idara.

Ni lazima nikiri kosa langu mapema. Mwezi wa Agosti ufunguo ulikuwa ukizunguka, japo kwa shida. Nami, kwa ujuzi wa kujidhania, nilichukua mafuta ya injini nikayatia katika tundu la ufunguo. Ukawa mwepesi mara moja, nikajipongeza. Kisha vijana wakanisaidia kulisukuma gari hadi bandani, tukakata kona kali, gurudumu la mbele likaegemea jiwe, nami nikachomoa ufunguo nikarudi chuoni. Niliporejea Desemba, ufunguo uliingia tunduni vizuri, lakini haukuzunguka hata kwa upana wa unywele.

Nililazimisha kwa mkono, kisha kwa kitambaa, kisha kwa koleo. Jirani mmoja alinionya kwamba ufunguo ukikatikia ndani nitakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Nikaacha koleo, lakini nikaanza kukilaumu kitasa. Nilimwambia mama kwamba kitasa kimekufa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini sikulivuta gari kwa kamba hadi mjini Voi kwenye mafundi. Jibu limo katika namna kitasa cha gari kama hili kilivyoundwa. Kitasa hicho hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuruhusu umeme upite hadi kwenye injini na stata. Ya pili ni kuufunga usukani: ukichomoa ufunguo na kuuzungusha usukani kidogo, komeo la chuma huruka likaingia katika pengo lililo kwenye mhimili wa usukani, na magurudumu ya mbele hayaelekezeki tena. Kinga hiyo dhidi ya wezi inahusishwa na mvumbuzi aliyeitwa Abram Neiman, na Wafaransa hadi leo hukiita kitasa hicho chote kwa jina lake, kana kwamba mtu amegeuka kuwa chuma. Sisi wanaisimu hufurahia mambo kama hayo. Siku ile sikufurahi. Gari ambalo usukani wake umefungwa halivutiki, maana halina wa kuliongoza. Ikiwa fundi anatakiwa, sharti aje yeye.

Fundi wa kwanza alikuja. Alikuwa kijana mwenye nguvu na nia njema, naye hakuuliza neno. Aliingia garini, akajaribu ufunguo mara mbili, akatoka, akafungua mfuko wake na kutoa nyundo na tindo. Alinieleza kwamba angekivunja kitasa, aunganishe waya moja kwa moja, kisha aweke kitufe cha kubonyeza. Kazi ya nusu saa, na malipo si makubwa. Nami, msomaji, nilikubali. Nilikuwa nimechoka, na Krismasi ilikuwa imebakiza siku nne.

Mama ndiye aliyekataa. Alitoka jikoni akiwa na sufuria mkononi, akatazama ile tindo, akasema, "Mwanangu, baba yako aliendesha gari hili miaka ishirini na mitatu bila ya kulivunja kitu. Wewe unataka kuanza kwa kuvunja?" Kijana yule alicheka kwa heshima, akarudisha zana zake mfukoni. Baadaye nilielewa kwamba mama alituokoa na hatari kubwa kuliko alivyojua. Mtu anaweza kuunganisha waya na kuiwasha injini, lakini komeo la usukani hubaki palepale. Likivunjwa vibaya, linaweza kuruka siku moja gari likiwa mwendoni na kuufunga usukani kwenye mteremko. Nasi kwetu hatuna upungufu wa miteremko.

Fundi wa pili alikuwa mzee aliyepita miaka sitini. Alishuka kwenye matatu kutoka Voi akiwa na mkoba mdogo ambao ungeweza kudhaniwa kuwa wa seremala wa saa. Nilimwamkia "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, mwalimu." Hakwenda garini. Alikaa kwenye kigoda, akapokea chai, akaanza kuniuliza maswali. Ufunguo ulizunguka lini mara ya mwisho? Tangu siku ile hadi leo gari limefanyiwa nini? Nani alilisukuma, na lilisukumwa kuelekea wapi? Umetia kitu chochote tunduni? Funguo ziko ngapi?

Nilijibu yote isipokuwa lile la mafuta. Nililikwepa kama mwanafunzi anavyokwepa swali la mwalimu. Hakusema kitu. Alipofika garini alitia kijiti tunduni, akakitoa, akakipaka kwenye kidole. Kijiti kilitoka na tope jeusi lenye wekundu. Wanaoijua nchi yetu wanajua kwamba vumbi la Voi na Mwatate ni jekundu, jepesi, nalo huingia hata katika saa ya mkononi. "Mafuta haya ni mageni hapa," alisema bila ya kunitazama. Nikaungama.

Kisha akanieleza neno ambalo tangu siku ile nimelitaja darasani mara nyingi. Alisema kwamba kitu kilichokwama aghalabu hakina kosa moja. Kosa moja huficha jingine, na atumiaye nguvu huyafunga yote pamoja. Kazi ya fundi ni kuyatenga, aanze na lililo rahisi zaidi kuondoa na lisilo na madhara likijaribiwa.

La kwanza lilikuwa jiwe. Gurudumu lilipoegemea jiwe, usukani ulitaka kurudi nyuma, nalo komeo likabanwa kwenye pengo lake kama mtu aliyebanwa mlangoni. Ufunguo hauwezi kulivuta komeo lililobebeshwa mzigo. Tuliinua gari kwa jeki, tukaondoa jiwe. Fundi akaniagiza niushike usukani na kuusukuma taratibu kushoto na kulia, pale palipo na mchezo mdogo, huku yeye akiujaribu ufunguo kwa vidole viwili tu. Ufunguo haukuzunguka, lakini usukani ulikuwa umelegea. "Moja limetoka," akasema.

La pili lilikuwa tope langu. Alitia spiriti tunduni kwa bomba la sindano, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akarudia mara tano au sita hadi kilichotoka kikawa safi. Hapo alinifafanulia muundo wa ndani. Ndani ya kitasa mna silinda ndogo, na ndani ya silinda mna vibati vyembamba vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikisukumwa na kamani ndogo. Ufunguo usipokuwamo, vibati hujitokeza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Ufunguo ulio sawa ukiingia, kila jino lake huinua kibati kwa kiasi chake hasa, vyote vikajificha ndani ya silinda, na njia ikawa wazi. Kibati kimoja kikibaki nje hata kwa unene wa karatasi, silinda haizunguki. Mafuta mazito hayafai humo kwa sababu hukusanya vumbi, na vumbi na mafuta vikikaa miezi minne hugeuka kuwa gundi.

Tukaujaribu ufunguo tena. Haukuzunguka. Fundi akauchomoa, akauinua kwenye mwanga wa jua na kuutazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama, wala si mimi, akamwuliza, "Mama, ufunguo huu ni wa ngapi?"

Mama alikumbuka yote. Ufunguo wa kwanza, uliokuja na gari, ulipotea mtoni wakati wa mvua za El Niño mwaka 1997. Baba akachongesha mwingine mjini kwa kufuata wa akiba. Wa akiba ulipinda baadaye mikononi mwa ndugu yangu, ukatupwa. Ule uliochongwa ulipolika, ukachongwa mwingine kwa kuufuata. Huo nao, baba alipokaribia kuacha kuendesha, ukachongewa wa tatu, na huo ndio niliokuwa nao.

"Ndivyo," alisema mzee. "Huu ni nakala ya nakala ya nakala. Mchonga funguo hana kosa. Mashine yake hufuata inachopewa. Ikipewa jino lililolika, hutoa jino jipya lililolika. Mwalimu, kitasa hiki hakijafa. Kitasa ndicho pekee humu ndani kinachokumbuka ufunguo wa kwanza ulikuwaje."

Niliona haya kwa ajili ya yote niliyokuwa nimekisingizia kitasa kile. Fundi aliurudisha ufunguo tunduni, akauvuta nje kidogo sana, kama unene wa ukucha, akaniambia niucheze usukani, akazungusha. Ukazunguka. Mama alipiga kigelegele. Lakini mzee alitutuliza akisema kwamba hilo lilikuwa la kuombea ruhusa ya kuingia ndani, halikuwa tiba.

Akatenga waya wa betri kwanza, ili pasiwe na cheche. Akaondoa kifuniko cha mhimili wa usukani, akabonyeza pini ndogo iliyo ubavuni mwa kitasa, na silinda ikatoka mkononi mwake ikiwa nzima. Aliiosha kwa petroli kidogo na mswaki mkuukuu, mbali na gari na mbali na jiko la mama. Alipoikausha, alimwomba mpwa wangu penseli. Mtoto alileta ile anayoiandikia hesabu. Mzee akaikwangua kwa kisu, akakusanya unga mweusi kwenye karatasi na kuunyunyiza juu ya vibati. Unga huo hulainisha bila ya kunata, na vumbi haliushiki.

Nikiwa mtu wa lugha, sikuweza kuuacha unga huo upite bila ya kuuwaza. Sisi tunaiita penseli kalamu ya risasi, ilhali ndani yake hamna risasi hata chembe. Madini yale meusi yalipochimbwa Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16, watu waliyadhania kuwa jamii ya risasi, na ndipo mwaka 1779 mkemia Carl Scheele alipoonyesha kwamba ni kaboni. Jina la makosa likabaki Ulaya, nasi tukalipokea pamoja na kalamu yenyewe. Hiyo nayo ni nakala ya kosa. Hata hivyo neno hilo halimdhuru mtu, kwa sababu anayeomba kalamu ya risasi hupewa anachokitaka. Lugha hujitengenezea ukweli wake kwa makubaliano ya wasemaji. Kitasa hakikubaliani na mtu. Wala tarehe haikubaliani, kama nitakavyoeleza hivi punde.

Mzee alikuwa na ufunguo usiochongwa uliolingana na tundu. Aliubana kwenye jiliwa ndogo aliyoifunga ukingoni mwa meza ya mama, akatoa tupa nyembamba. Nilidhani angeanza kwa kuulinganisha na ufunguo wa zamani. Hakuutazama hata mara moja. Aliutia ufunguo mpya katika silinda, akatazama ni vibati vipi vilivyojitokeza na kwa upande upi, akautoa, akapiga tupa mara mbili mahali pamoja, akaurudisha, akatazama tena. Nilimwuliza kwa nini asiutengeneze ule wa zamani kwa tupa. Alijibu kwamba tupa hupunguza, haiongezi, na ufunguo ule ulikuwa na upungufu tayari. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa moja na nusu. Hatimaye vibati vyote vikalala ndani ya silinda, sawasawa na uso wake, na silinda ikazunguka kwa ncha ya kidole.

Alipoirudisha mahali pake, alipima swichi ya umeme iliyo nyuma ya kitasa kwa taa ndogo yenye waya mbili. Alinieleza kwamba ufunguo usiozunguka ni ugonjwa mmoja, na ufunguo unaozunguka pasipo stata kuitika ni ugonjwa mwingine, na wengi huutibu wa kwanza kwa dawa ya wa pili. Taa iliwaka. Waya wa betri ukarudishwa. Tarehe 23 Desemba, saa kumi jioni, Peugeot la baba lilikohoa mara tatu, likanguruma. Mzee aliagana nasi kwa maonyo mawili. La kwanza, nisichomoe ufunguo kamwe gari likiwa mwendoni, maana usukani utafunga. La pili, niutoe ufunguo mpya kwenye mkufu wangu wenye funguo tisa za ofisi na madarasa, kwa sababu uzito huo, ukining'inia na kutikiswa na barabara, huvila vibati na kuichosha swichi.

Onyo hilo la pili lilinifanya nisome zaidi niliporudi chuoni. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 kwa ajili ya swichi dhaifu ya ufunguo. Ufunguo uliweza kuteleza kutoka mahali pake gari likienda, hasa ukiwa umebeba mkufu mzito. Injini ikazimika, na mifuko ya hewa inayowakinga abiria wakati wa ajali isifunguke. Hazina ya fidia iliyoanzishwa na kampuni hiyo ilikubali madai ya vifo 124. Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa hili: kifaa hicho kilikuwa kimerekebishwa mwaka 2006, lakini namba yake haikubadilishwa. Kibovu na kizima vikabeba namba ileile. Waliokuja kuchunguza sababu za ajali hawakuweza kutambua kwa urahisi kwamba kuna kilichobadilika, na magari yenye kifaa cha zamani yakaendelea kubaki barabarani.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko lile la mafuta.

Mimi ni mtu wa fonolojia. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa nimefundisha pia kozi ya historia ya Kiswahili, niliyoirithi kutoka kwa mwenzangu aliyestaafu, pamoja na maandishi yake ya kufundishia. Yeye naye aliyapata kwa mwingine. Katika maandishi hayo mna sentensi isemayo kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mjini Mombasa mwaka 1928. Mwezi wa Novemba 2023, mwanafunzi mmoja aliandika katika jaribio kwamba mwaka 1928 ulikuwa wa mkutano wa Mombasa uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kamati yenyewe ilianza tarehe 1 Januari 1930. Nilimtia mkasi alama mbili. Alikuja ofisini akiwa na kitabu cha maktaba mkononi, akaomba kwa adabu nikitazame. Sikukitazama. Nilimwambia aandike kama nilivyofundisha.

Mwanafunzi yule alikuwa ameenda kwenye kitasa. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wa nne na kumwambia kwamba mlango ndio mbovu.

Mwezi wa Januari nilikitafuta kitabu kile, na vingine viwili. Mwanafunzi alikuwa sahihi. Mahali fulani, katika kunakili na kufupisha, matukio mawili yaliyotengana kwa zaidi ya mwaka yalikuwa yameunganishwa yakawa moja, na kila aliyenakili baada ya hapo alinakili kwa uaminifu. Hakuna aliyesema uongo. Mashine hufuata inachopewa.

Nilishawishika kuisahihisha sentensi ile kimyakimya, niendelee na masomo. Ndipo nilipokumbuka kifaa kilichorekebishwa bila ya kubadilishwa namba. Kama ningefanya hivyo, wale niliowafundisha tangu mwanzo, ambao wengi wao sasa ni walimu katika shule za upili, wangeendelea kuchonga funguo kwa kuufuata ufunguo wangu mbovu. Kwa hiyo nilimwita kijana yule, nikamwomba radhi, nikamrudishia alama zake mbili na kusahihisha alama za wenzake walioandika kama yeye. Kisha nikasimama mbele ya darasa na kueleza kosa, tarehe zake, na jinsi lilivyonifikia. Nikawaandikia pia wanafunzi wangu wa zamani niliokuwa na anwani zao. Kijana alinishukuru. Hakusema zaidi, nami sikustahili zaidi.

Wapo watakaosema kwamba nalikuza jambo dogo, kwamba miaka miwili katika historia ya lugha haimwui mtu. Ni kweli. Lakini alama mbili zilikuwa haki ya mtu, na somo nililompa siku ile ofisini lilikuwa baya kuliko tarehe isiyo sahihi. Nilimfundisha kwamba anayekwenda kwenye chanzo hupoteza alama, na anayenakili huzipata. Darasa likilishika somo hilo, hakuna kamusi wala silabasi itakayoliokoa.

Hatari hii imezidi siku hizi. Zamani kunakili kulihitaji mkono na wino, na uchovu ulikuwa breki yake. Leo maandishi ya kufundishia yanapigwa picha kwa simu, yanatumwa kwa mamia, yanafupishwa na programu za akili unde, na kurudi kwetu katika insha za wanafunzi yakiwa na sura nadhifu kuliko yalivyotoka. Ufunguo uliochongwa jana hung'aa. Mng'ao hauonyeshi kama meno yake ni sahihi.

Basi kwa walimu wenzangu, nawaomba likizo hii mchukue ukurasa mmoja tu wa maandishi yenu, ule mnaouamini kabisa, muufuate hadi kwenye chanzo chake. Mwanafunzi akikwama, kabla ya kutoa nyundo, muulizeni alifahamu nini mara ya mwisho na tangu siku hiyo kumepita nini. Pengine yupo jiwe gurudumuni, pengine tope tulilolitia sisi wenyewe, pengine ufunguo tuliompa. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwalimu ameshika ufunguo uliolika, mleteeni kitabu kwa adabu kama alivyofanya kijana yule, na akikataa kukitazama leo, rudini kesho. Kuuliza si ujinga.

Siku ya Krismasi mama alikaa kiti chake, mkoba magotini, akafunga mkanda na kuniambia niende polepole. Tulifika kanisani kabla ya kengele.